Nilivyotunga Wimbo kwa Mtindo wa Mbaraka

Neno mtindo lina maana nyingi katika lugha yetu. Upo mtindo wa kusuka nywele, upo mtindo wa kuezeka nyumba, na upo hata mtindo wa mtu kuondoka ugenini bila kuaga. Lakini kwa sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1970, neno hilo likitajwa tulielewa jambo moja tu, nalo ni jina la mdundo na uchezaji ambalo kila bendi ya dansi ilijipatia ili isichanganywe na nyingine. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, Atomic Jazz wa Tanga Kiweka, na Morogoro Jazz Sululu. Mwaka 1978 ilipozaliwa bendi ya Mlimani Park ikaja Sikinde, jina lililotolewa katika ngoma ya Wazaramo. Bendi isiyokuwa na mtindo ilikuwa kama mtoto ambaye hajapewa jina. Watu humtazama kwa huruma, lakini hawajui wamwiteje.

Msomaji asiyezijua siku zile huenda akashangaa kwamba bendi hizi ziliitwa Jazz, ilhali muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa kwa jina hilo haukupigwa na bendi hata moja kati ya hizo. Walichopiga kilitoka kwanza Kuba, kwa njia ya sahani za santuri zilizokuwa na herufi GV, ambazo ziliuzwa katika Afrika tangu miaka ya 1930. Kisha kikatoka Kongo. Kisha kikachanganywa na ngoma za kwetu hata mchanganyiko wenyewe usiweze tena kutenganishwa. Jazz lilikuwa neno la heshima tu, kama vile mtu anavyoliita duka lake dogo kwa jina la jiji kubwa.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu nataka kusimulia jinsi nilivyojaribu, nikiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kutunga wimbo wangu mwenyewe kwa mtindo wa mtu mwingine. Mtu huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944, akapiga gitaa la solo na kuimba katika Morogoro Jazz, na mwaka 1973 akaunda bendi yake iliyoitwa Super Volcano. Mwaka 1970 alikuwa amekwenda Japani na wenzake kuiwakilisha nchi yetu katika maonyesho makubwa ya Osaka, na aliporudi akaitungia wimbo safari hiyo. Vijana wa nchi nyingine walikuwa na bendi zao za rock za kuabudu. Sisi tulikuwa na Mbaraka.

Kwetu ni Mkata, katika wilaya ya Handeni. Sisemi nyika ya Mkata iliyoko mkoani Morogoro, bali Mkata ya Uzigua, pale ambapo barabara ya Handeni huchepuka kutoka barabara kuu ya Chalinze na Segera. Mahali pa njia panda hapalali. Malori ya kwenda Tanga, Moshi na Arusha yalipita usiku na mchana, na wasafiri walishuka kunywa chai, kununua machungwa na kunyoosha miguu. Kwa hiyo nyimbo zilitufikia mapema kuliko maji. Wenyeji wa Handeni wanajua kwamba sifanyi mzaha. Katika miaka ya ukame mama zetu waliamka alfajiri kwenda lamboni, nasi tuliwasikia wakirudi, huku redio ya mwenye hoteli ikiwa imekwisha anza kuimba.

Redio ya nyumbani kwetu ilikuwa ya kaka yangu. Kaka alikuwa akifanya kazi ya kukata mkonge katika shamba moja la Korogwe, na mshahara wake wa kwanza wa maana aliutumia kununua redio ile. Kila alipokuja likizo alileta mawe mapya ya redio, akayafunga ndani ya shati ili yasipate unyevu. Hakuwa msemaji. Lakini Mbaraka alipoimba, kaka alitunyamazisha wote, hata mama, jambo ambalo hakulithubutu wakati mwingine wowote. Alipenda hasa mahali ambapo sauti hunyamaza na gitaa likajibu. Alikuwa akisema, "Sikiliza, sasa anamjibu." Sikuelewa ni nani anayejibiwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu huko Kagera, na mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutapigana. Askari wa akiba na wanamgambo waliitwa. Kaka alikuwa amepata mafunzo ya mgambo, akaenda. Alipita Mkata akiwa juu ya lori pamoja na vijana wengine, lori likasimama muda wa kunywa maji tu, akamkabidhi mama redio. Mama aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Sina haja ya kueleza zaidi juu ya siku hiyo.

Likizo ya Desemba ilipofika nilianza kutunga. Nilikuwa na gitaa kavu nililoazima kwa rafiki yangu, lenye nyuzi tano badala ya sita, na daftari la hesabu ambalo nusu yake ilikuwa tupu. Nia yangu ilikuwa kwamba kaka akirudi akute wimbo uliotungwa kwa ajili yake, tena kwa mtindo anaoupenda. Nilikaa siku tatu chini ya mwembe. Siku ya nne nikamwimbia mama.

Wimbo ule wa kwanza sitauandika hapa, maana ulikuwa na kila kitu ambacho nyimbo za dansi zilikuwa nacho. Kulikuwa na mpenzi aliyeondoka, kulikuwa na machozi, kulikuwa na usiku wa giza, na kulikuwa na ahadi ya kungoja hata kaburini. Mama alikuwa akipepeta mahindi. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka ungo chini, akaniuliza:

"Mwanangu, huyu mpenzi ni nani?"

Nikamwambia kwamba ni kaka. Mama akasema, "Mbona hajatajwa? Mtu akiimbwa huitwa kwa jina lake. Akisikia jina, atajua ni yeye anayeitwa. Huyu wako hata jirani akipita atadhani anaimbwa binti yake."

Nilikasirika, kwa kuwa nilimwona mama kama mtu wa ngoma asiyejua mambo ya gitaa. Ilinichukua siku nyingi kukiri kwamba alikuwa ameona kosa ambalo hulifanya karibu kila anayeanza kumfuata msanii mkubwa. Nilikuwa nimechukua mambo yaliyoimbwa, nikaacha namna yalivyoimbwa. Nilidhani mtindo wa Mbaraka ni mpenzi na machozi, kwa kuwa hayo ndiyo niliyoyasikia kwanza. Lakini nikikumbuka nyimbo zake moja moja, nilikuta kwamba aliimba juu ya shida ya maisha, juu ya safari ya Japani, juu ya mashemeji, na juu ya kifo cha Dr. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971. Jambo lililofanana katika nyimbo hizo zote halikuwa mpenzi. Mwimbaji alizungumza kama mtu aliyeketi mbele yako, akakueleza kisa tangu mwanzo wake, akakutajia watu na mahali, na alipochoka kusema gitaa likaendelea na mazungumzo.

Basi nilianza upya. Mapema Januari tulipata barua ya kwanza ya kaka, iliyokaa njiani kwa muda mrefu, na barua hiyo ndiyo iliyonipa umbo. Nikaamua kwamba wimbo wangu utakuwa majibu ya barua. Ubeti wa kwanza ukawa hivi:

Kaka, barua yako imefika Mkata,
imelala njiani siku arobaini;
mama ameiweka chini ya mto wake,
kila asubuhi huniita nimsomee tena.

Wasomaji wanaojifunza ushairi wataona mara moja kwamba hapa hakuna vina, na mizani haikupangwa nane kwa nane. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye alikuwa mwema lakini mkali, alisema kwamba hii si tungo bali ni mazungumzo yaliyokatwa vipande. Alisema pia kwamba muziki wa dansi ni mambo ya ulevini na hauna nafasi katika utamaduni wa taifa. Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Ningemjibu nini? Yeye alikuwa na hoja nzito mkononi. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri, alisikitika kwamba wengi wetu tulijifunza kucheza rumba, chachacha na rock'n'roll, tukayajua hata madansi ya Kizungu ya zamani, ilhali ni wangapi kati yetu waliowahi hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lele mama? Katika hotuba hiyohiyo alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Na mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku na serikali ya mkoa katika Mkoa wa Pwani, uliokuwa na Dar es Salaam ndani yake.

Leo, nikiwa nimefundisha kwa miaka zaidi ya thelathini, nadhani ningemwambia mwalimu wangu kwamba hotuba ile ililaumu watu waliojua cha wengine bila kujua chao, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini haikufuata kwamba gitaa haliwezi kuwa letu. Serikali hiyohiyo, mwaka 1977, ilipotakiwa kupeleka wasanii katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Lagos, ilimpeleka Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70, mtu ambaye alilipiga gitaa la umeme kwa namna iliyokaribia sana rock ya ng'ambo. Balisidya alikuwa Mgogo, na asiyesikia Ugogo katika sauti zake hajausikia Ugogo wenyewe.

Tarehe 12 Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alifariki dunia baada ya ajali ya gari mjini Mombasa. Hakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano. Habari ilipotufikia nilikuwa nimekwisha rudi shuleni Korogwe. Bweni zima lilinyamaza. Kijana mmoja wa kidato cha nne, aliyekuwa akicheka kila kitu, alijifunika shuka gubigubi saa kumi za jioni. Vita vilikuwa vinaendelea, na kila mmoja wetu alikuwa na ndugu huko. Huenda tulimlilia Mbaraka kwa sababu yeye tulikuwa na hakika naye.

Katika likizo fupi nilimwuliza mama kama tumwandikie kaka habari hiyo. Mama alikataa kabisa. Alisema kwamba barua iendayo vitani haibebi msiba, maana mtu aliye vitani ana misiba ya kumtosha. Nikatii. Lakini nilikuwa na wimbo, na wimbo ule ulikuwa barua ambayo haikutumwa. Katika ubeti wa kwanza kulikuwa na habari za mama, katika wa pili kulikuwa na habari za mvua, shamba na mbuzi aliyezaa mapacha. Ubeti wa tatu ulikuwa haujaandikwa. Nikaandika kwamba yule aliyekuwa akimjibu kwa gitaa amenyamaza.

Katika mji wa Korogwe kulikuwa na bendi moja ndogo isiyokuwa na jina la kuvuma, ikipiga dansi Jumamosi usiku na bugi la vijana Jumapili mchana. Kiongozi wake alikuwa mzee wa Kinyamwezi, ambaye wazazi wake waliletwa mashambani kama manamba, kama walivyoletwa watu wa makabila mengi waliolijaza bonde lile la mkonge. Nilimpelekea wimbo wangu Jumapili moja kabla ya bugi. Alinitazama, akalitazama gitaa langu la nyuzi tano, akacheka bila dharau, akasema, "Haya, bwana mdogo, imba."

Nilipofika mstari wa kwanza alinisimamisha.

"Umesema nini hapo?"

"Nimesema barua, mzee."

"Hujasema barua. Umesema baaarua. Kuna mtu anayesema hivyo nyumbani kwenu?"

Nilikuwa nimeazima sauti ya wimbo mmoja wa zamani, nikapachika maneno yangu juu yake, na sauti ile ilirefuka mahali ambapo neno langu halikutaka kurefuka. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RU-a. Mwimbaji akiupeleka mkazo mahali pengine, msikilizaji hushtuka bila kujua ameshtushwa na nini, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mzee aliniagiza kuliweka gitaa chini na kuusema ubeti wote kwa sauti ya kawaida, kama ninayemsomea mama. Nikasema mara tatu. Mara ya nne alichukua gitaa lake akaanza kuifuata sauti yangu, ilipopanda akapanda, iliposhuka akashuka, na pale nilipovuta pumzi alijaza kwa nyuzi nyembamba vifungu viwili vitatu vya solo. Nikajisikia nywele zikinisimama. Hatukuwa tumechukua hata noti moja ya Mbaraka, lakini mtu yeyote aliyepita nje angesema kwamba hapa wanapiga Mbaraka.

Siku hiyo nilijifunza mengi kuliko katika mwaka mzima, na sehemu nzuri ya niliyoyafundisha baadaye darasani ilitoka katika ukumbi ule uliokuwa ukinuka pombe ya jana. Mzee alinieleza kwamba wimbo wa dansi wa kwetu huwa na sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole, nayo ni ya maneno. Waimbaji hueleza kisa, na watu hucheza kwa kushikana huku wakisikiliza. Ya pili huitwa chemko. Hapo ngoma na tumba huongeza mwendo, magitaa huingiliana, tarumbeta zikiwepo hulia, na maneno hupungua mpaka hubaki kiitikio kifupi cha kurudiwarudiwa. Mpiga ridhim hushika mahali pake bila kutanga, mpiga besi hufanya kazi ambayo katika ngoma hufanywa na ngoma kubwa, na mpiga solo ndiye mwenye ruhusa ya kutembea. Wimbo usiokuwa na chemko, alisema, ni hotuba. Wangu haukuwa nalo.

Tena alikuwa na wasiwasi juu ya ubeti wa tatu. Alisema kwamba vijana hulipa kiingilio ili wafurahi, na ukiwatajia kifo wataketi. Nilimwambia kwamba bila ubeti huo hakuna wimbo. Tulibishana, kama kijana anavyoweza kubishana na mzee, yaani mimi nilinyamaza na yeye akaendelea kusema. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: kwamba neno la mwisho la ubeti wa tatu litakapotamkwa, chemko lianze palepale bila nafasi. Jambo hilo nililiona kama utovu wa adabu. Yeye aliniuliza kama sijawahi kuona ngoma ikipigwa siku ya kumaliza matanga.

Chemko nililipata Mkata, likizo ya katikati ya mwaka. Jioni moja wanawake walikuwa wakicheza selo, ngoma yetu Wazigua, na mama alikuwa miongoni mwao. Nilikuwa nimeiona selo tangu utotoni kama ninavyouona ukuta wa nyumba. Safari hii nilisikiliza kwa masikio ya mtu anayetafuta kitu. Mmoja anatoa, wengine wanapokea. Anayetoa hubadilisha maneno kadiri apendavyo, wanaopokea hawabadilishi. Na katika yale maneno ya kutoa, mama alikuwa akitaja majina ya vijana wa Mkata waliokwenda vitani, mmoja baada ya mwingine, na kila jina lilipokewa kwa sauti ileile. Alipolitaja jina la utotoni la kaka, ambalo silitaji hapa kwa kuwa mwenyewe hapendi liingie kitabuni, nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba.

Nilirudi Korogwe na kiitikio hicho kichwani. Mzee alikisikiliza, akamgeukia mpiga tumba wake, akasema, "Hiki umekijua?" Mpiga tumba, kijana wa Kizigua kutoka Mazinde, tayari alikuwa akikipiga. Hivyo ndivyo majina ya vijana wa Mkata yalivyoingia katika chemko la wimbo uliotungwa kwa mtindo wa mtu wa Morogoro, ukapigwa na Mnyamwezi kwa mdundo ambao babu yake mdundo huo alivuka bahari kutoka Kuba, na babu wa babu yake alikuwa amekwisha vuka bahari hiyohiyo akitoka Afrika katika majahazi ya watumwa. Mtu akiniuliza kama wimbo ule ulikuwa wa utamaduni wa taifa au wa kigeni, sijui angetaka niukate wapi.

Bendi iliupiga mara mbili tu, Jumapili mbili za mwezi wa Julai. Ubeti wa tatu ulipoimbwa baadhi ya wachezaji walisimama kweli, wakatazamana. Kisha chemko likawabeba. Tulitamani kwenda kurekodi. Katika siku zile Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi, na maneno ya kila wimbo yalisomwa na kupimwa kabla ya kukubaliwa. Viwanda vya kutengeneza sahani vilikuwa nje ya nchi, aghalabu Kenya. Lakini nauli ya watu tisa na vyombo vyao haikupatikana. Basi wimbo wetu ulibaki hewani ulikozaliwa.

Vita vilikwisha katikati ya mwaka 1979, na kaka alirudi mwezi wa Agosti. Alikuwa mzima, amekonda, na alikuwa na tabia mpya ya kuketi akiuelekea mlango. Wageni walipoondoka aliomba redio yake. Mama akaileta, imefungwa ndani ya kanga. Mawe yalikuwa yamekwisha. Kaka akacheka, akaniambia, "Basi imba wewe. Mbaraka ametoa nini tangu niondoke?"

Nikamtazama mama, mama akatazama chini. Kumbe hakujua. Katika kikosi chake redio ilisikilizwa kwa ajili ya habari za vita, na aliyesikia habari nyingine hakumwambia, au alimwambia siku ambayo masikio yake yalikuwa na mambo mengine. Nilichukua gitaa. Niliimba ubeti wa kwanza, akatabasamu aliposikia habari za mto wa mama. Niliimba wa pili, akauliza mbuzi wako wapi. Katika ubeti wa tatu nilitaka kuruka, lakini vidole havikujua njia nyingine. Tulikuwa tumeufanyia mazoezi mara nyingi mno. Nikaimba.

Kaka aliinua mkono. Nikanyamaza. Tulikaa hivyo muda ambao siwezi kuupima. Kisha akauliza, si kwa hasira, "Kwa nini hamkuniandikia?" Mama akajibu kwamba barua iendayo vitani haibebi msiba. Kaka akasema, "Nilikuwa nikiuimba wimbo wake kila nilipokuwa zamu. Nilikuwa nikimngoja anijibu." Akatoka nje. Alirudi usiku, akakaa mlangoni, akasema, "Malizia." Nikaimba chemko, na mama akapokea. Alipotajwa kwa jina lake alikuwa amejishika kichwa.

Nilipokuwa mwalimu nililifanya zoezi hili kuwa desturi: kila mwaka wanafunzi watunge wimbo kwa mtindo wa bendi au mwimbaji wanayempenda. Wengine wenzangu walidhani nawafundisha kuiga. Kuiga si dhambi katika sanaa. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba na hakuona haya, naye ni miongoni mwa walioufanya muziki huu kuwa wetu. Dhambi ni kuvaa shati la mtu na kusahau kuingiza mwili wako ndani yake. Kijana mmoja alitaka kutunga kwa mtindo wa Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, akaniletea hoja kwamba mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, kwa hiyo naye ni wa kwetu. Nilimruhusu. Wimbo wake ulikuwa na sehemu nne zisizofanana, kelele nyingi, na kisa cha basi lililoharibika usiku karibu na Kabuku, ulikuwa mzuri.

Nimestaafu sasa, lakini wanafunzi wa jirani bado huja barazani. Siku hizi imo mitambo katika simu ambayo ukiiamuru hukutungia wimbo kwa mtindo wa mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Binti mmoja aliniletea wimbo wa namna hiyo, akasema ni wa Mbaraka. Vina vilikuwa sawa, mizani ilikuwa sawa, na ndani yake kulikuwa na mpenzi, machozi na usiku wa giza. Nilimwuliza huyo mpenzi ni nani. Akacheka, akafikiri, akakaa kimya. Baada ya wiki mbili alirudi na daftari. Ameandika juu ya foleni ya ndoo kisimani, akataja wasichana sita wanaoamka naye alfajiri, na yule wa saba aliyeolewa kabla ya mtihani. Mahali pa yule wa saba hakuandika maneno, ameandika tu: "Hapa gitaa."

Kaka anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama hayupo tena. Jioni nyingine, malori yakipungua barabarani, huja na kiti chake, akakiweka kikielekea njia, na kuniagiza nilete gitaa. Beti mbili za kwanza huzisikiliza amefumba macho. Nikiukaribia wa tatu huinua mkono, nami huuruka, nikaingia katika chemko.